Kigingi Mlangoni kwa Mama Mkwe

Saa mbili asubuhi mwanamke mmoja anashindilia udongo kuzunguka kigingi cha zege. Kila anapoinua mtaimbo, anageuka kutazama nyuma. Wanaume watatu wameegemea gari juu ya mteremko. Hawamsalimii. Vigingi alivyochimbia wiki iliyopita vilikutwa vimeng'olewa, kimoja kikiwa kimetupwa majini.

"Wao wang'oe, mimi nipande," anasema, akijifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Tutaona nani atachoka kwanza."

Mtaani wanamwita Mama Kigingi. Ni kibarua wa ofisi ya maji. Mpima ardhi akishavuta kamba, yeye huchimbia alama za mpaka wa chemchemi inayonywesha watu wote wa bondeni. Ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa maji, sheria inakataza kujenga, kuchimba choo na kumwaga taka.

Kampuni moja inataka kujenga mtaa mpya wa nyumba mteremkoni. Safu nzima ya nyumba hizo, pamoja na shimo la majitaka, imeangukia ndani ya mpaka. Bila kibali cha mazingira, hakuna tofali litakalowekwa.

Ugomvi ungebaki kati ya kampuni na ofisi, kama kamba isingezunguka upande wa pili wa chemchemi. Huko ilikwenda kukata jiko la mama mkwe wake.

"Mpima akaniuliza, 'Hapa ni kwa nani?' Nikamwambia, 'Ni kwetu.'"

Mama mkwe alitoka na mwiko mkononi. "Mwanangu, unanichimbia kaburi mlangoni?"

"Mama, ni sheria."

"Sheria ndiyo iliyokufunika shuka ulipougua?"

Jioni hiyo msimamizi wa kampuni alibisha hodi nyumbani kwa Mama Kigingi. Alivua viatu, akaketi, akasifu chai. Kisha akamweleza kwamba vigingi vikisogezwa kidogo tu pande zote mbili, jiko litapona na nyumba zake zitapona. "Mkono mmoja haulei mwana, mama. Tusaidiane."

Mumewe, fundi baiskeli, alikuwa ameinamia kikombe. Mgeni alipoondoka alisema neno moja tu: "Yule ni mama yangu."

"Ningemjibu nini?" anauliza Mama Kigingi. "Nisiwe mwongo, nilitamani kukubali. Nilijilaza nikijiambia kwamba hakuna atakayejua."

Kilichomzuia ni mwaka ule vyoo vya nyumba za kupanga vilipovujia majini, kuhara kukaingia mtaani. Kifungua mimba wake alilegea kama kitambaa kilicholowa. Aliyembeba mgongoni mpaka zahanati ni mama mkwe huyohuyo.

Asubuhi alimsimulia mpima maneno yote ya mgeni. Mpima akataka kumtuma kibarua mwingine achimbie kigingi cha pale jikoni. Mama Kigingi alikataa.

"Nilimwambia, kama mama lazima aumie, asiumizwe na mtu baki."

Akachimba mwenyewe, mama mkwe ameketi kwenye kigoda akimtazama. Tangu siku hiyo, chakula alichompelekea kilirudi kimefunikwa vilevile.

Kisha ukaja mkutano wa wananchi kuhusu kibali. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Msimamizi aliinuka, akasema sheria imetungwa kuwakomoa wawekezaji. "Nendeni mkaangalie nyumba za ndugu wa hawa vibarua wao, kama zimeguswa!"

Mama Kigingi alihisi macho ya ukumbi mzima usoni pake. Kabla hajainuka, kiti kililia nyuma yake. Ni mama mkwe, amesimama.

"Jiko langu limo ndani ya mpaka," alisema. "Kigingi kiko mlangoni, na aliyekichimbia ni mke wa mwanangu. Mimi mjane nabomoa. Wewe mwenye magari unaombea nini huruma?"

Ukumbi ulilipuka. Kampuni iliamriwa ikachore upya ramani yake, na safu ya chini iondolewe. Imekata rufaa, na ndiyo maana wale wanaume bado wanashinda mteremkoni.

Mwandishi alipomtembelea mama mkwe, alimkuta akiondoa mabati ya jiko kwa mikono yake.

"Nilisema ukweli," alisema bila kuinua kichwa. "Sikusema nimesamehe."

Mama Kigingi anapoelezwa maneno hayo, anacheka kidogo, kisha machozi yanamlengalenga. Mumewe ameshasimamisha nguzo za jiko jipya nyuma ya nyumba ya mama yake, mbali na maji. Kazi ya kukandika ameiomba Mama Kigingi mwenyewe.

"Nikifika kwenye mafiga nitasimama," anasema. "Nitamwita nimuulize, 'Mama, tuyaweke wapi?' Hata akinijibu kwa kunionyesha kidole tu, mimi nitashukuru."