Tulivyochemsha thermostat ya gari ukweni, ng'ambo ya Busisi

Wakuu, habari za mchana.

Sina uhakika kama hili ni jukwaa sahihi, la magari, au nilitakiwa kwenda kule kwa mahusiano. Mods mkiona nimekosea nihamisheni, sitanung'unika.

Yote haya yametokea. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika. Shule nimeishia la saba, kwa hiyo mafundi mkinikosoa kistaarabu napokea.

Nina gari ya familia, siti saba. Aina yake sitaji, maana mwishoni mtaona gari yenyewe haikuwa na kosa kubwa.

Tatizo lilianza na sindano ya joto kwenye dashibodi. Siku zote inakaa katikati, imetulia. Siku moja nikaiona inapanda kuelekea H, upande wa moto, halafu ikashuka yenyewe, kama mtu aliyeghairi.

Nikampelekea fundi wangu, Shija, gereji yake iko huku huku Mirongo.

"Kaka, hiyo thermostat hiyo. Tuing'oe tutupe. Joto la Mwanza hili, inakusaidia nini?"

Kwa wasiojua: thermostat ni kama kilango cha chuma kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi kimefungwa, ikipata moto kinafunguka maji yapite yakapoe. Kikigoma kufunguka, injini inachemka.

Nilikuwa nimesoma humu humu kwamba kuing'oa ni kosa, injini inakaa baridi na mafuta yanaliwa. Nikamwambia Shija tusubiri kwanza. Nimtendee haki: alisema wazi kwamba hajafungua, anakisia tu.

Akaniachia ushauri mmoja. "Ikipanda ukiwa njiani, washa hita mpaka mwisho. Joto la injini litatokea humo ndani mlimo nyie. Itakufikisha."

Hakusema itanifikisha katika hali gani. Na mimi sikuuliza.

Sasa Jumamosi tulikuwa na safari ya posa. Mdogo wangu Masalu amempata binti upande wa Sengerema, mbele kidogo ya Busisi. Ilikuwa mara ya pili kwenda. Mara ya kwanza tulichelewa, na baba wa binti, Mzee Maganga, alisema tukichelewa tena tusijisumbue kushuka kwenye gari.

(Kuhusu kule kuchelewa: mimi nasema Shangazi Kabula alibadilisha kitenge mara nyingi. Yeye anasema nilikuwa natafuta ufunguo. Ukweli ni vyote viwili.)

Kwenye gari tulikuwa wanne. Mimi dereva. Baba mdogo Nkwabi, msemaji wetu, mtu ambaye akianza kuongelea ng'ombe wa mahari hakuna anayempunguzia maneno. Mzee Idrisa, jirani yetu fundi cherehani, ndiye mshenga, kwa sababu ya upole wake. Na shangazi. Masalu alibaki nyumbani, kazi yake kupiga simu.

Kabla hata hatujafika Usagara, sindano ikaanza.

Mzee Idrisa alikuwa amekaa mbele, nikamwomba aiangalie ili mimi niangalie barabara. Akaifanya kazi ile kwa moyo wote.

"Imeacha katikati."

Tukaenda kidogo.

"Inaelekea kubaya."

Baba mdogo akadakia kutoka nyuma, "Usiseme kubaya, Idrisa, unatutisha. Sema namba."

"Haina namba, Nkwabi. Ina C na H tu."

Nikasema nisimame tungoje ipoe. Baba mdogo akakataa. "Ukisimama hapa Masalu ataoa simu yake. Twende."

Zamani, wakuu, ungefika Kigongo, ukingoni mwa ziwa, ukazima gari kwenye kivuko, injini inapumua mpaka ng'ambo. Sasa kuna daraja. Unavuka mara moja, na kusimama juu yake hairuhusiwi. Silalamikii daraja, ni zuri sana. Nasema tu kwamba injini yangu ilikosa pa kupumzika.

Nikawasha hita. Mpaka mwisho.

Vioo tulishusha, lakini jua lilikuwa na lake na hita na yake. Kofia ya Mzee Idrisa ikalowa ikamkaa kichwani kama ngozi. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, tunakwenda kuposa au tunaanikwa kama dagaa?"

Mzee Idrisa akamgeukia baba mdogo. "Vua koti basi."

"Koti nimelivalia ng'ombe. Silivui kwa ajili ya gari."

Ukweli ni kwamba tulifika mapema. Mzee Maganga alisimama mlangoni, akatuangalia tunavyoshuka tunadondosha maji.

Tukamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Jamani, daraja si limeshaisha? Mbona mmeogelea?"

Baba mdogo akaguna tu, "Tumetoka mbali." Nadhani alitaka waone jinsi tulivyoteseka kwa ajili ya binti yao. Inawezekana ingesaidia.

Lakini mimi nina hili tatizo, kitu kikikaa vibaya nakirekebisha. Nikasema, "Mzee, ni gari inachemka, ndiyo maana nikawasha hita."

Mzee Maganga akaniangalia mimi, akaiangalia gari.

"Kwa hiyo gari hujui inaumwa nini, ukaamua kuwachemsha wazee."

Tukaingia ndani, tukapewa maji na taulo, mazungumzo yakaanza yakiwa yameshavunjika. Kila baba mdogo akitaja ng'ombe, Mzee Maganga anarudi kwenye gari. "Watu mlioshindwa kutunza gari, mtamtunza binti yangu?"

Swali lilikuwa la haki. Nililiona hivyo hata pale pale.

Baba mdogo likamchoma. "Gari yetu ni nzima. Ni kifaa kimoja tu kinasingiziwa."

"Kifaa gani?"

"Thermostat."

"Kitoeni nikione."

Wakuu, sijui ilikuwaje mpaka tukakubali. Hata leo nikifikiria naona kulikuwa na nafasi kama tatu za mtu kusema hapana.

Tukala kwanza, injini ikapoa kabisa. Kaka wa binti anatengeneza bodaboda, akaleta spana. Coolant, yale maji ya rejeta yenye sumu, tukaikinga kwenye beseni tukaifunika, kuku wasije wakanywa. Nati mbili, kikatoka. Kidogo, kinaenea kiganjani, kimefungwa.

Kipimo chake ni maji ya moto: kizima kinafunguka, kibovu hakifunguki. Mama wa binti akaulizwa sufuria.

"Hilo ni la maharage," alisema. Akalitoa, lakini nataka ijulikane kwamba alisema.

Tukawasha kuni uani. Nikakifunga kifaa kwa uzi, nikakining'iniza ndani ya maji kisiguse chini. Koo mbili zikakaa kwenye viti kuzunguka sufuria. Hakuna aliyetaja ng'ombe. Koti la baba mdogo lilikuwa linafuka mvuke pamoja na maji.

Masalu akapiga. "Kaka, wamesemaje?"

"Bado hayajachemka," nikamwambia, nikakata. Baadaye aliniambia nusura azimie.

Viputo vikaanza. Kimefungwa.

Shangazi akanong'ona, "Hakifunguki hicho."

"Subira, Kabula," akasema Mzee Idrisa.

Mzee Maganga alikuwa ameinama kuliko sisi sote.

Halafu kikaanza. Taratibu, kikafungua mdomo kama sato aliyetolewa majini.

Shangazi akasahau yuko wapi. Akapiga kigelegele.

Sasa fikirieni wenyewe. Kijiji kizima kinajua leo kuna posa kwa Mzee Maganga. Kigelegele kikatoka uani kwake. Nyumba ya jirani ikaitikia. Ya pili yake ikaitikia. Kabla sijakitoa kifaa kwenye maji, akina mama walishaingia wanacheza, wanamkumbatia mama wa binti, mmoja amekuja na kuku.

Mzee Maganga alikuwa hajakubali chochote. Akaangalia sufuria, akaangalia watu, akamgeukia baba mdogo.

"Hawa nitawaambia wameshangilia kipuri?"

Baba mdogo, msemaji wetu, akainama akachochea kuni. Mimi nikafungua mdomo nirekebishe, Mzee Idrisa akanikanyaga mguu. Yule mpole.

Mzee Maganga akashusha pumzi. "Karibuni jamani," akawaambia watu. Ng'ombe tukamaliza jioni hiyo hiyo, kila upande ukalegeza.

Dhamiri ilinisumbua. Kabla ya kuondoka nikamfuata pembeni nikamwambia kama hajaridhika, nitawaeleza majirani ukweli.

"Wewe kijana," akasema, "kama nisingetaka, ningewafukuza na kipuri chenu. Kafunge kifaa chako."

Nikakifunga. Na kurudi tuliwasha hita tena, maana tulijua thermostat ni nzima, hatukujua kibovu ni nini. Shangazi alishuka Busisi akapanda basi.

Jumatatu Shija akachomeka mashine ya kusoma injini. Sindano inaonyesha H, mashine inasema joto ni la kawaida kabisa. Kibovu kilikuwa sensa, kile kidude kinachoipelekea sindano habari za joto. Akabadilisha, imetulia mpaka leo. Aliniomba radhi bila kuombwa, naliweka hapa.

Yaani injini haikuwahi kuchemka, wakuu. Waliochemka ni wazee.

Nilichojifunza: usiiamini sindano peke yake, na usimhukumu thermostat kabla hajapimwa. Pima nyumbani kwako, kwa sufuria lako, mapema. La kule hawakupikia tena, walimpa binti aondoke nalo, sasa Masalu anachemshia maji ya kuoga.

Na mkwe wetu nikimpigia simu, nikisema shikamoo anajibu, "Marahaba. Sindano iko wapi?"

Namwambia iko katikati, mzee. Ndipo tunaendelea na mengine.

Mafundi, na nyie mliooa, semeni: ile posa ilikuwa halali? Mimi bado najiuliza.