Wifi aliyenitangazia ugonjwa, sasa ndiye atanipikia uji wa hospitali

Ndugu wasomaji, ukurasa huu umenificha jina, nashukuru, maana mwili wangu wenyewe haufichiki. Ni mama wa miaka arobaini na saba, nimeolewa, napika chakula karibu na bandari hapa Kalemie: bukari, yaani ugali, samaki, na sombe ya majani ya muhogo. Kwenye animasyo, zile ngoma za kusifu Chama tawala, wananipanga mstari wa nyuma, ili sitwayeni, yaani raia, wengine nao waonekane. Sikasiriki. Wateja walikuwa wanaambiana, "Tukule kwa ule mama, anaonja mwenyewe."

Lakini magoti yalikataa, na pumzi ikawa inaniishia kati ya nyumba na soko. Mdogo wangu ni muuguzi Lubumbashi, kwenye hospitali yenye daktari anayepunguza tumbo: analishona kwa ndani, libaki dogo kama ngumi. Nikaenda na binti yangu wa kwanza awe gadimalade, yaani wa kukaa na mgonjwa na kumpikia. Watu tuliwaambia naenda kutibu magoti. Waliojua ukweli ni mume wangu na dada yake. Huyo wifi nitamwita Mama Mapendo, ingawa jina hilo halimfai.

Nilirudi nimekonda mpaka kikwembe, kitenge changu cha kujifunga, kinanizunguka mara mbili. Binti naye alikuwa amekonda, kwa sababu ukoo wa mume wangu una sheria: anayelinda mgonjwa hapiki vyungu viwili. Anakunywa uji anaokunywa mgonjwa, basi. Anayeisimamia sheria hiyo kuliko wote ni Mama Mapendo. Aliwahi kummwagia mpwa wake bukari chini, mbele ya watu, kwa kuwa aliipika karibu na mgonjwa.

Siku hizi mtu akikonda mnajua watu wanafikiri nini. Wabeba mizigo wa bandari, wale waliokuwa wanagombania mikia ya samaki wangu, wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Nikamwita mmoja, mzee wa Zongwe, mteja wangu wa zamani.

"Papa, leo hauna njaa?"

"Njaa niko nayo, Mama."

"Sasa?"

Akatazama viatu vyake. "Wifi yako anasema uko na Sida. Weye na mutoto. Na ye sasa anapika, pale kwa kona."

Sida, yaani Ukimwi! Nikaenda kwenye kona. Chungu kinachemka, na foleni ni ile yangu. "Karibu, Wifi," akaniambia. "Lakini usiguse sahani, watu wanaogopa."

Wiki hiyo hiyo wazazi wa kijana aliyemposa binti yangu walituma ujumbe kwamba safari ya kuja kwetu imeahirishwa. Hawakusema mpaka lini. Binti yangu hakulia mbele yangu. Alikunja kikwembe alichokuwa amekiandaa kwa siku hiyo, akakirudisha sandukuni.

Nilijaribu kueleza habari ya tumbo kushonwa. Watu wakacheka. Nani ataamini kwamba mtu alipanda treni kwenda kukatwa ili asile? Basi nikafanya ujinga wangu. Daktari alikuwa amesema kikombe kidogo, polepole, bila kinywaji katikati. Mimi nikakaa mbele ya chungu changu, mahali kila mtu ananiona, nikala matonge ya bukari na limonadi, ili waone kwamba mgonjwa hali hivi. Natapika nyuma ya nyumba, narudi kula. Unene ulirudi, wateja wakarudi, mishono ikaachia. Yule kijana hakurudi. Alioa msichana wa huko Manono.

Sasa tumbo linauma na chakula kinapanda kooni kila nikilala. Daktari atanipasua tena, na amenionya wazi: kurudia ni hatari kuliko mara ya kwanza, na kupona kwangu kutatoka jikoni. Kwanza supu iliyochujwa, halafu uji mwepesi, halafu ndagala, wale dagaa wetu, za kusaga na maharagwe yaliyopondwa. Kipande kigumu kikiingia kabla ya wakati wake, mshono unaweza kupasuka. Nimeshaanza kujitayarisha. Nimetwanga ndagala nikazichekecha, nimesaga soya, na ninajizoeza kunywa kwa kikombe cha kahawa, kama mgeni mwenye adabu.

Ukoo ulipokaa kuchagua gadimalade, nikasema mwenyewe, "Nataka Mama Mapendo."

Akafurahi. Hajawahi kufika Lubumbashi. "Tutaenda, Wifi. Kule mikate iko mingi."

"Ile sheria ya vyungu viwili," nikamwambia, "unaijua kunipita."

Akaitikia mbele ya wazee wote. Angekataaje?

Mnaona ninapoelekea? Yeye ni mnene kama nilivyokuwa mimi. Wiki na wiki za uji wangu, na atarudi mashavu yameingia ndani. Tutashuka kwenye treni pamoja, mbele ya wabeba mizigo wale wale. Watamtazama yeye, halafu wataniuliza mimi. Na mimi nitatazama viatu vyangu. Nikiwaza hivyo nacheka peke yangu juu ya kinu, mpaka ndagala zinaruka.

Mume wangu hacheki. "Ni dada yangu, lakini ninamujua," aliniambia tukiwa wawili. "Ni ye atachuja ile supu. Siku moja atachoka, ataacha vipande. Utakufa ukiwa unacheka."

Ninajua anasema kweli. Binti yangu amejitolea kwenda tena. Mkono wake hauna haraka, mara ya kwanza hakukosea hata siku moja. Ananiambia, "Mama, ule kijana nilishamusahau." Lakini kile kikwembe hajakivaa mpaka leo.

Jana Mama Mapendo alikuja kunionyesha nguo aliyoshonesha kwa safari. Inambana kiunoni. "Fundi amekosea," akasema. "Namurudishia aongeze."

"Iache hivyo hivyo, Wifi," nikamwambia. "Itakutosha."

Treni inaondoka wiki ijayo. Nishaurini, wenzangu: nipande na nani?