Moshi wa Albamu Yetu

Nililosikia kwanza ni vikombe vya kahawa vikigongana vyenyewe kule jikoni kwa mtetemo wa spika zetu, kisha sauti ya Bibi: "Raya! Zima hilo gitaa, wageni washafika!" Nawaambieni, wenzangu, hata leo nikinusa udi masikio yananiwaka kwa aibu ya siku ile.

Mimi na binamu yangu Shamsa tulikuwa tunarekodi albamu yetu ya kwanza ya roki katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Bibi, hapa Ibra, Omani (kina mazulia mazito, yanameza mwangwi), magitaa tumeyalaza juu ya magitaa mpaka yamekuwa ukungu, na sauti yangu iko chini kabisa, kama mtu anayeimba nyuma ya pazia. Wageni walikuwa Bi Salma na dada zake kutoka Nizwa, wamekuja kumposa dada yangu Zuwena kwa ajili ya mwana wa Bi Salma, kijana aliyempenda tangu chuoni, na haikuwa kazi ndogo kumfikisha mama huyo mlangoni kwetu.

Basi tukanyamaza. Lakini Shamsa akasema, madhali hatupigi, tupige picha ya jalada, na muziki kama wetu unataka moshi. Nikachukua jikoni chetezo cha Bibi, makaa yake tayari, nikakijaza udi (ule mzuri, nisamehe Bibi), na mara chumba kikajaa hata Shamsa simwoni, nasikia kikohozi chake tu, nikapapasa mlango nitoke uani nipate hewa, gitaa shingoni, chetezo mkononi, nikafungua, kumbe si mlango wa uani, ni wa majlis, sebule ya wanawake.

Wageni ndio kwanza wamekaa. Halua haijafunuliwa. Na kwetu mnajua, udi ukipita mgeni huaga. Kupitishiwa udi kabla ya kahawa ni kuambiwa nendeni zenu. Bi Salma akakitazama chetezo, akanitazama mimi, akauvutia moshi shelani kwa adabu zote, akasema, "Alhamdulillahi, tumeshukuru," akasimama. Dada zake nao wakasimama. Zuwena, birika mkononi, alikuwa kama anataka kulia.

"Si wenu!" nikaropoka. "Moshi huu si wenu, bi mkubwa, ni wa albamu!"

"Albamu gani inayojifukiza udi?"

Nikamfungulia wimbo kwenye simu. Akausikiliza kwa makini, kichwa upande.

"Na huyu anayeimba, kazama kisimani?"

"Ndiye mimi."

"Maskini! Mtoeni basi." Dada zake wakaangua kicheko, naye akarudi kukaa. "Bi Asha," akamwambia Bibi, "nyumba inayofukuza wageni kwa udi mzuri hivi, ikiwakaribisha itakuwaje? Haya, Zuwena mwanangu, nimiminie kahawa."

Mwanangu, kasema! Zuwena akamimina.

Picha ya Shamsa ndiyo jalada letu, moshi mtupu, na ndani yake tumemshukuru Bi Salma kabla ya mtu mwingine yeyote. Chetezo sijakigusa tena, wala sitokigusa.

Alasiri ile Bibi alikipitisha mwenyewe, kwa wakati wake. Bi Salma akajifukiza, akambusu Zuwena, na mlangoni akanigeukia.

"Siku ya harusi, wewe njoo na gitaa tu."

Akatoka anacheka, na Bibi akaufunga mlango nyuma yake, taratibu.