Msiba Usio na Mtani

Mtu akimuuliza Yudith kabila lake, jibu lilitegemea anayeuliza. Sokoni Muheza alikuwa Mbondei, na Kibondei chake hakikuwa na kasoro. Akipanda Amani kufuata iliki, alikuwa Msambaa wa upande wa shangazi. Nyumbani Ngamiani, alikouza vitumbua barazani kila asubuhi, alikuwa mtu wa Tanga, basi. Hakudanganya kwa ubaya. Ukweli ulikuwa mrefu, na mnunuzi wa vitumbua hana subira.

Ukweli ni kwamba baba yake, Mzee Nehemia, alitoka Burundi akiwa kijana, manamba wa kukata mkonge, akafikia kambi ya shamba moja upande wa Kigombe. Mikataba ilipokwisha wenzake walirudi kwao. Yeye akaoa binti wa manamba mwenzake, akabaki. Uraia alishapata zamani. Alihama mwili mzima isipokuwa ulimi, ambao haukukubali kabisa kutamka l. "Yudith, mwanangu, chakura tayari?" Watoto wa mtaa walimwomba aseme lori la Lushoto limelala, naye alisema, "Rori ra Rushoto rimerara," akacheka kuliko wao.

Alipozeeka akahamia kwa Yudith. Upande wa pili wa ukuta aliishi Bi Semeni, Mdigo, mkaanga samaki mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa tatu. Kila jioni alimpitishia mzee kipande cha samaki juu ya ukuta, na kila jioni walisikika wakibishana.

Mzee Nehemia alifariki wakati wa masika, usingizini, bila kumsumbua mtu. Msiba ukajaa. Waislamu wa mtaa wakaleta mikeka na masufuria, Walutheri wenzake wakaleta nyimbo. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka siku ya kuzika, mpishi mmoja alipouliza huku akipepea moto, "Jamani, watani wa marehemu wako wapi?"

Msiba usio na mtani ni jambo zito. Nani atawachokoza wafiwa? Nani ataiga mwendo wa marehemu ili machozi yapate pumzi? Wazee wakaanza kutafuta. Mmoja akasema mtani wa Mrundi ni Muha. Mwingine akasema Waha wa mashambani walisharudi kwao Kigoma. Wa tatu akaapa kwamba ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi yupo, yule fundi baiskeli. Akatumwa mtu. Fundi alikuwa amekwenda Pangani.

"Mambo ya kizamani hayo," alisema Anold, mdogo wake Yudith aliyekuja kutoka Dar es Salaam. "Tuzike."

Yudith aliona kama baba yake anazikwa mithili ya msafiri aliyefia stendi.

Jeneza likainuliwa. Wabebaji walipofika mlangoni wakasimama ghafla. Mbele yao alikuwa Bi Semeni, amevaa koti la Mzee Nehemia, kofia yake imemfunika masikio, fimbo yake mkononi, mgongo ameupinda kama yeye kabisa.

"Simama hapo! Munampereka wapi Mrundi wangu?"

Anold akawaka. "Bi Semeni, heshima tafadhali! Tuna msiba."

"Mimi ni mtani wake."

"Tangu lini Wadigo na Warundi wakawa watani?"

"Tangu reo."

Mtu mmoja akakohoa ili asicheke. Bi Semeni akagonga fimbo chini. "Mirima yao kaiacha, pwani yetu anaitaka! Samaki wangu kara, maji yetu kanywa, sasa anataka na udongo, tena arare humo moja kwa moja! Nani kampa?"

Kicheko kilimtoka Yudith kabla hajakizuia. Kikampanda kutoka tumboni, akashika nguzo, machozi na kicheko vikatoka pamoja. Ua mzima ukaangua. Hata mchungaji akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

"Hapiti," alisema Bi Semeni, "mpaka mwanawe aniombe kwa Kirundi."

Hapo Yudith akakwama. Kibondei angemwaga mpaka jioni. Kirundi hakufundishwa; mzee alitaka wanawe wafanane na wenzao. Akatafuta kichwani, akapata kitu kimoja tu, kile baba yake alichowaitia utotoni.

"Ngwino urye," akasema.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Njoo ule."

"Mimi nimezuia maiti, wewe unanikaribisha chakula?"

"Dada Semeni, Kirundi nilicho nacho ndicho hicho."

Bi Semeni akavua kofia taratibu. "Kumbe ni njoo ule," alisema, na sasa sauti ilikuwa yake mwenyewe. "Kila nikimpitishia samaki ukutani alikuwa ananiambia hivyo. Nilidhani ananitukana. Nami nikimrudishia matusi miaka yote hiyo!"

Akajisogeza pembeni. Mzee Nehemia akapita, akazikwa.

Utani ule haukwisha kaburini. Mwaka uliofuata Bi Semeni alimwoza bintiye, Tausi, huko Kigombe. Bwana harusi alipofika alimkuta Yudith amekalia kiti chake, miguu ameinyoosha, anadai Warundi hawajaombwa ruhusa. Wajomba wa bwana harusi wakabembeleza. Akakataa. Mwishowe wakamletea sinia la biriani, naye akanyanyuka nalo mpaka kwenye mkeka wa dada zake Bi Semeni, ambao tayari walikuwa wanamchamba kwa Kidigo. Nusu alielewa. Nusu nyingine alimuuliza Bi Semeni, naye alipomtafsiria aliongeza na matusi ya kwake.