Nyayo Kwenye Maranda

Ukiniona nikivua kiatu cha kushoto utacheka. Kidole gumba changu kimepasuka juu, kimekaa kama kwato ya mbuzi. Tezo ndiyo ilifanya hivyo, na tezo yenyewe nilikuwa nimeishika mimi, kwa hiyo sina mtu wa kumshtaki.

Kwetu fundi wa mbao hakuwa na meza wala jiliwa. Jiliwa lilikuwa miguu yako. Unakaa chini, unabana kipande cha mti kwa nyayo mbili, vidole vinashika kama vya nyani, halafu unachonga ukivuta tezo upande wako. Aliyenifunza ni abti, kaka yake mama, na yeye alikuwa na vidole tisa. Mtu mwenye akili angeuliza cha kumi kilienda wapi. Mimi sikuuliza.

Ilikuwa Garissa, miaka ile ya vita vya shifta, waasi na serikali. Jua likizama, kila mtu ndani, amri ya serikali. Abti alikuwa ameenda Mandera kabla barabara haijaharibika, akakwama huko, nikabaki peke yangu na banda nyuma ya nyumba: nguzo nne na mikeka juu. Nilitengeneza vigoda, milango, na kengele za mbao za kufunga ngamia shingoni. Watu walinunua kengele, halafu palepale wanazijaza nyasi ili zisilie njiani zikaita askari. Nafikiri nilikuwa fundi wa pekee duniani anayeuza kengele za kunyamaza.

Siku tezo iliponikata, mama alikuja mbio, akanifunga kidole na kitambaa, akangoja mpaka damu ikakauka. Halafu akasema.

"Waryaa, sikiliza. Mimi nilizaa mtoto wa vidole kumi. Kikipungua hata kimoja, nafunga hili banda, na wewe unaenda Kotile kuchunga ng'ombe wa adeer yako."

"Hooyo, Kotile kuna mbung'o."

"Mbung'o hana tezo."

Adeer, ndugu ya marehemu baba, alikuwa mtu mzuri, lakini mimi na ng'ombe hatujawahi kuelewana. Mwalimu alinifunza kusoma na kuandika, abti akanifunza mbao, basi. Nje ya lile banda sikuwa mtu wa maana. Kwa hiyo nilitafuta viatu kama mtu anayetafuta dawa.

Nilianza na akala, zile ndara za tairi. Chini hazipitishi msumari hata ukiruka juu yake. Lakini juu ziko wazi, na vipande vya mgunga vinaingia kando kama wageni wa harusi, bila kualikwa. Wiki moja nilifanya kazi ya kuchomoa miiba zaidi kuliko ya kuchonga.

Na hapa lazima nimlete Ayeyo, nyanya yangu, mama yake mama. Alikuwa ametembea nyuma ya ngamia maisha yake yote mpaka magoti yakamleta mjini. Kila asubuhi, kabla sijafagia, aliingia bandani na fimbo yake, akaangalia chini kwenye maranda na unga wa mbao. Hagusi kitu. Anaangalia tu.

"Jana ulisimama na mguu mmoja kama korongo," akasema. "Hiyo kiatu inakuuma kidole cha mwisho, kulia."

Nilikuwa sijamwambia mtu.

"Ayeyo, na hapo chini imeandikwa nilikula nini?"

Akainama kidogo. "Umekula sana. Kisigino kimezama."

Nilicheka, nikafikiri ni mchezo wa wazee. Nikajaribu gambuti, zile za mpira mpaka kwenye goti, za jirani aliyekuwa na shamba kando ya mto. Gambuti na joto la Garissa! Ikifika saa sita nilikuwa nikitembea nasikia chwa, chwa, chwa, kama mtu anavuka mto, na mto wenyewe ni jasho langu. Nikizivua, hata mbuzi walihama. Ayeyo akasema mguu unateleza ndani, iko siku nitaanguka juu ya msumeno. Baada ya hapo raba za shule. Hizo zilikuwa laini, miguu ilifurahi mpaka msumari ukapita chini ukanisalimia katikati ya unyayo.

"Raba ni ya kukimbia," Ayeyo akasema. "Wewe unakimbiza mbao?"

Mama alikuwa mlangoni anasikia yote. Akaanza kukunja nguo zangu vizuri, kama za msafiri.

Ndipo nikapata buti. Mchuuzi mmoja sokoni alizitoa chini ya magunia, nyeusi kama za askari, ngozi nene, mbele ngumu kama gamba la kobe.

"Zilikuwa za nani?" nikamuuliza.

"Za miguu," akasema.

Nilimpa vigoda viwili, nikaenda nazo. Wallahi, zile buti! Siku ya kwanza tezo iliteleza, ikagonga kidole, ikaruka juu kama imekosea nyumba. Nilikaa pale nikiangalia mguu wangu kwa heshima. Kubana mbao kwa vidole sikuweza tena, lakini nilijifunza kubana kwa ubavu wa soli, na kazi ikaenda.

Asubuhi yake Ayeyo akaingia, akaona alama za buti kwenye maranda. Safari hii hakusema kinauma wapi. Alichukua fimbo akazifuta, moja moja, mpaka mlangoni.

"Hizi ni za humu ndani tu," akasema. "Zikitoka nje zitasema."

"Zitasema nini, Ayeyo?"

"Mchanga hauulizwi. Unasema wenyewe."

Mimi mjanja, nikaitikia ndiyo, na siku ya tatu, alasiri, nikasikia kuna gogo zuri la mkuyu limetupwa na maji ukingoni mwa Tana. Nikaenda vilevile na buti zangu miguuni, tena natembea kifua mbele ili watu waone. Nikalifunga gogo kamba, nikaliburuta mpaka nyumbani jua halijazama. Nilijiona mwanaume kamili.

Kesho yake, kabla chai haijachemka, askari watatu walikuwa kwenye mlango wa ua. Mbele yao mtu mmoja mwembamba, wa kwetu, kazi yake kuwafuatia nyayo. Alikuwa ameinama, na macho yake yakaja polepole kwenye mchanga mpaka yakasimama kwenye buti zangu, zimepangwa nje ya banda kama bibi na bwana.

"Hii viatu ya nani?" mkubwa wao akauliza. Alikuwa mtu wa bara.

"Yangu, afande."

"Usiku kuna mtu alivuka mto na buti kama hizi. Na tumefuata buti mpaka hapa. Na uliburuta kitu. Ulikuwa unaburuta nini?"

"Gogo, afande."

"Gogo ama sanduku la risasi?"

Nina mdomo mimi. Mwalimu alisema mdomo wangu utafika Nairobi kabla yangu. Lakini siku hiyo ulitoa neno moja tu. Niliwaonyesha gogo, wakaliangalia kama linaweza kuwa na kitu tumboni. Mama alisimama na sufuria mkononi. Mkubwa akasema, "Chukua shuka yako. Tunaenda."

Nilijua watu walioambiwa hivyo. Kotile ghafla ikaonekana mahali pazuri sana.

Ayeyo akatoka ndani na fimbo. Hakujua Kiswahili hata cha kununua chumvi. "Waambie wanipeleke mtoni," akaniambia.

"Ayeyo, hawa si watu wa..."

"Waambie."

Nikawaambia. Mkubwa alitaka kukataa, lakini yule mfuatiliaji nyayo akamwangalia Ayeyo, akamwangalia mkubwa, akasema kwa Kiswahili cha kwetu, "Afande, hii mama mzee, wacha aone. Kuona si makosa."

Tukaenda. Kizee cha magoti mabovu mbele, bunduki tatu nyuma, na mimi katikati pekupeku, buti zangu mkononi mwa askari. Tulipofika ukingoni Ayeyo alivua ndara zake, kama mtu anayeingia kwenye mkeka wa watu. Akasimama. Akaangalia. Mimi niliona matope tu na alama elfu, za watu, za buti, za mbuzi, zote zimechanganyika kama ugali na maharagwe.

Akaonyesha kwa fimbo bila kugusa. Mimi nikawa natafsiri.

"Anasema mbuzi walirudi kutoka kwenye maji jana, karibu na magharibi. Hizi ndizo kwato zao."

"Kwa hivyo?" mkubwa akauliza.

"Anasema uangalie hii buti. Kwato imeingia juu yake. Buti ilipita kwanza, mbuzi wakaikanyaga. Na hapa tena, na hapa. Hiyo buti ilipita mchana." Nilikuwa nimeanza kuona. "Sasa hii nyingine. Buti iko juu, kwato iko chini. Huyu alipita mbuzi wakiwa wameshalala."

Ayeyo akaendelea, na mimi nyuma yake kama mtoto anasomewa.

"Anasema wa mchana anaogopa kidole gumba cha kushoto. Angalia, mbele ya kushoto haijazama. Huyo ana kidonda. Wa usiku miguu yake mizima, hatua ndefu. Anasema... anasema wa mchana ni mjukuu wake, na kama hamwamini, atembee."

Nikavaa buti, nikatembea kwenye matope. Hatua kumi. Nikageuka nikaangalia alama zangu mwenyewe, na kweli, kushoto mbele hakukuzama. Miaka ishirini natembea na hiyo miguu, na sikuwahi kuijua. Utani wote ulinitoka. Nikamwona Ayeyo kama ndiyo mara ya kwanza: huyu mama anayekataa maziwa ya kopo, anayesahau jina langu akiniita, na ardhi yote ni kitabu chake.

Yule mfuatiliaji alipiga magoti, akaangalia kwato, akatikisa kichwa kukubali. "Mimi niliona buti," akasema polepole. "Sikuona mbuzi."

"Muulize huyo mwingine alienda wapi," mkubwa akaniambia.

Nikamuuliza. Ayeyo akavaa ndara zake.

"Mwambie macho yangu yanaishia kwa mjukuu wangu."

Nilitafsiri kuwa amechoka.

Waliniacha, wakaondoka na buti. Nikarudi nyumbani pekupeku, na mama alikuwa mlangoni. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, halafu akaangalia chini kwenye miguu yangu. "Uko hai," akasema. "Lakini viatu bado huna. Kotile iko palepale."

Ayeyo hakungoja nijibu. Aliniweka nisimame kwenye unga wa mbao, miguu mitupu, akachora kwa fimbo kuzunguka. Akanituma nilete ngozi ya shingo ya ngamia na tairi kuukuu. Yeye anasema, mimi nashona: soli ya tairi, meno yake yamenyolewa yakawa laini, mbele kofia ya ngozi iliyolowekwa na kukaushwa mara mbili mpaka ikalia ukiigonga. Kando ya gumba la kushoto akaacha nafasi ya kidonda. Nyuma wazi, hewa iingie. Na katikati pameachwa pembamba, unyayo uweze kujikunja ubane mbao. Mwisho akachukua kisu mwenyewe, akakata pengo dogo kwenye kisigino cha kulia.

"Hii ya nini?"

"Mchanga useme jina lako. Mtu akiuliza, ajibiwe."

Mama hakuamini. Alichukua tezo, akaipindua, akaiachia idondoke na kichwa chake chote juu ya kidole changu gumba. Nilifumba macho. Ikaruka kando. Akaiokota akanipa, akaenda kukunjua nguo zangu.

Asubuhi iliyofuata Ayeyo aliingia kabla sijafagia. Sikuuliza nimekula nini. Aliangalia maranda muda mrefu, alama za pengo la kisigino zikiwa zimejaa kila mahali kama ndege wadogo.

"Jana," akasema, "umesimama na miguu yote miwili."