Mistari Tisini na Sita ya Chini

Jumamosi tarehe 9 Februari 2002 nilifuta mkono wa baba yangu. Tulikuwa tumemzika wiki mbili kabla, kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Mkono ule ulikuwa umebaki kwenye kanda moja tu ya video, na aliyeifuta ni mimi.

Nilikuwa nimepanga chumba Majengo, mjini Moshi, nikirekodi harusi na vipaimara. Shule niliishia darasa la saba. Kamera nilijifunza kwa kuishika, kompyuta kwa kukosea. Ilikuwa ya mtumba, na ikipata moto ilitoa harufu ya vumbi linaloungua. Hata leo nikiisikia harufu hiyo dukani kwa mtu husimama kidogo.

Kanda yenyewe niliirekodi siku mbili baada ya Krismasi, watu wa nyumbani wote wakiwa wamepanda kutoka mijini. Kaka yangu ndiye kifungua mimba, mimi kitinda mimba, na tulikuwa hatujasemeshana miaka miwili kwa sababu ya mpaka wa shamba. Baba alikata isale kwenye ua. Ni jani la mmea tunaoupanda mipakani, na kwetu ukiombwa msamaha kwa jani hilo, hukatai. Alikaa kwenye kigoda, akampa kaka, kisha akaushika mkono wa kaka mpaka jani likafika kwangu. Kamera niliiacha imesimama kwenye miguu yake mitatu, inaendelea yenyewe.

"Mnanitazama mimi nina nini?" baba alisema. "Tazameni jani."

Akakohoa, akaagiza kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mwezi haukuisha akafa.

Siku tulipomaliza matanga kaka aliniambia, "Ile ya isale nitengenezee. Nataka kuuona mkono wa mzee." Nikamwahidi.

Utaratibu wangu ulikuwa mmoja. Kanda inaingizwa kwenye kompyuta, natazama dakika mbili tatu, nikiona picha imo, kanda inarudi kazini. Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho kabla ya Kwaresima, na kila aliyetaka kuoa alioa. Kanda tupu ziliniishia. Ijumaa nikaingiza ya baba, nikautazama uso wake. Ulikuwepo. Alisema, alikohoa. Asubuhi nikaenda na kanda ileile kanisani, nikarekodi juu yake harusi ya watu mpaka ikafika mwisho.

Jumatatu nikaiangalia yote. Baba alionekana mpaka kifuani, na sisi hivyo hivyo. Chini ya hapo picha ilikuwa imekatwa. Sauti ilisema tazameni jani, na jani halikuwepo.

Nilimwita fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili. Alivuta kiti, akabofya hapa na pale.

"Programu hii uliiweka upya lini?"

"Wiki iliyopita. Ilikuwa inagoma."

"Ikakuuliza ukubwa wa picha?"

"Iliniuliza Amerika au Ulaya. Tanzania haikuwemo."

"Ukachagua?"

"Amerika. Ndiyo iliyokuwa juu."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Wewe hata hapo Sanya Juu umefika mara za kuhesabu, leo umefika Amerika. Kamera zetu zinafuata vipimo vya Ulaya, bwana. Picha moja ina mistari mia tano sabini na sita. Wewe umeagiza mia nne na themanini."

"Nimemwagiza nani?"

Akaacha kucheka, akanieleza. Programu haiigusi kwa mkono wake kadi ya video, ile inayopokea picha kutoka kwenye kanda. Inaandika agizo, namba tupu, sifuri na moja zimepangwa kwa mfuatano, upana huu, kimo hiki, na kumkabidhi draiva, programu nyingine ndogo iliyo katikati. Draiva ndiye anayejua kuiendesha kadi. Hajui kama ni harusi au msiba. "Ni kama fundi cherehani," alisema. "Ukimwandikia suruali ya kimo hiki, anakata hicho hicho. Miguu yako hajaiona."

Mistari tisini na sita ya chini haikuombwa, kwa hiyo haikuletwa. Nilimuuliza kama imebaki popote ndani ya mashine. Akasema ilibaki kwenye kanda. Hakuuliza kanda iko wapi. Aliiona mezani, imeandikwa harusi.

Kaka alikuja Alhamisi, amevaa koti la kanisani. Nilimpa kiti, nikamchemshia chai, nikawasha. Baba aliposema neno lake, kaka aliinama, kama mtu anayechungulia chini ya kitanda.

"Jani liko wapi?"

"Limekatwa."

"Kompyuta imekosea?"

Ningeweza kuitikia, na asingejua maisha yake yote. Hata fundi alikuwa amenishauri niseme hivyo.

"Hapana, kaka. Niliiagiza vibaya. Halafu nikaifuta kanda kabla sijaangalia mpaka mwisho."

"Ukaifuta kwa nini?"

"Kwa harusi."

"Ya ndugu yetu?"

"Siwajui."

Alisimama, akavaa kofia, akaondoka. Chai ilibaki imejaa.

Nilikaa siku tatu na kile kikombe pembeni ya kompyuta. Jumapili, ibada ilipoisha, nikapanda nyumbani. Kwenye ua wa baba nikakata isale, nikavuka mfereji kwenda kwa kaka. Alikuwa nyuma ya banda anakatakata mgomba wa kumpa ng'ombe.

"Shikamoo kaka."

Hakuitikia. Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Akalitazama, akaitazama mikono yangu, akatazama nyuma yangu.

"Na hii umekuja kuirekodi?"

"Hapana. Kamera nimeiacha Majengo."

Akalaza panga juu ya majani, akafuta viganja kwenye suruali.

"Marahaba," alisema, akalipokea.