Mzunguko wa Lidwina

Katika ofisi ya Mzee Otto, pale Majengo, fundi wa programu za kompyuta alikuwa mmoja tu, Lidwina, na kila alichokijua alikisoma kwenye simu akiwa amejilaza kitandani. Jambo hilo lilimkera mzee.

"Mtu hafundishwi na kioo," alisema. "Tafuta kozi yenye mwalimu wa kumpa shikamoo. Ofisi italipa."

Kozi ya kwanza ilikuwa jirani tu, juu ya duka la mabati. Kompyuta mpya, viti vya kuzunguka, kiyoyozi mpaka meno yanagongana. Lidwina akaketi akisubiri mwalimu. Mwalimu akatokea ukutani, kwenye skrini, yeye mwenyewe yuko Dar es Salaam; kisha mtandao ukakatika, akaganda mdomo wazi. Wanafunzi wakamtazama kwa heshima mpaka saa ya chai.

Lidwina akahamia ya pili, Mjimwema, kwenye ukumbi wa parokia. Huko mwalimu alikuwapo kweli: Raphael, mrefu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Kompyuta ndizo hazikuwapo.

"Zinawapotosha," alisema Raphael. "Leo programu ni ninyi wenyewe."

Akawagawia kazi. Lidwina akawa mzunguko, ile sehemu ya programu inayorudia kazi ileile: auzunguke ukumbi kwa nje bila kusimama, mpaka Kunegunda, mwanafunzi mwenzake aliyepewa kiti mlangoni awe sharti la kuusimamisha mzunguko, aseme "Basi!" Akaanza kuzunguka. Huku nyuma Kunegunda akapigiwa simu kwamba mbuzi wake wameingia kwenye mahindi ya watu. Akaondoka mbio bila kuaga.

Lidwina akazunguka, akazunguka. Akina mama waliotoka kwenye sala za jumuiya wakamwona ameinamisha kichwa, wakadhani ana nia nzito. Wakajipanga nyuma yake, wakaanza rozari.

"Mwalimu, nisimame?"

"Sharti halijatimia!"

"Sharti limekwenda kufukuza mbuzi!"

"Huo ndio ugonjwa wenyewe wa programu, kuzunguka bila kikomo! Endelea, wenzako wauone."

Wakati huo akafika Mzee Otto kukagua. Ikabidi atembee naye sambamba ili waongee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Nasoma."

Mzee akautazama uso wake uliolowa jasho, akafurahi kama aliyepata mjukuu. "Sasa hii ndiyo elimu!"

Hatimaye Raphael alimtuma mtu akamlete Kunegunda. Akafika akihema, na akiwa bado barabarani akapaza sauti, "Basi!" Lidwina akaanguka kwenye nyasi. Akina mama wakakatisha Salamu Maria katikati. Hata bodaboda aliyekuwa akipita akashika breki.

Miguu ilimvimba Lidwina, lakini usiku alijikuta akicheka peke yake, maana somo lilikuwa limemwingia. Asubuhi aliporudi Mjimwema alimkuta Mzee Otto ameketi mstari wa mbele. Naye amejiandikisha, na ameomba kitu kimoja tu: yeye apewe kazi ya sharti, kwa sababu sharti linakaa kwenye kiti.